Marehemu wa Bwana Wexcombe

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Basi limechelewa na dereva hana hata samahani. Nimefagia majani kwa Bibi tangu saa tatu mpaka saa saba. Toroli tisa, yote yameloa, mazito. Nimekata maua ya dalia. Glavu nimezisahau kwenye basi. Siku ya hovyo.

Ni siku ya kwanza kurudi kazini tangu tumzike binti yetu Saida.

Bibi Wexcombe hakusema pole. Alinishika mkono pale mlangoni, akaushikilia kwa muda, halafu akaniambia chai iko jikoni. Nilimshukuru moyoni. Pole zimenichosha. Miaka kumi na moja namtunzia bustani yake, Jumatatu na Alhamisi, na leo ndiyo mara ya kwanza ameniketisha sebuleni na buti zangu zikiwa na tope.

Kumbe ana shida. Macho yamekwisha tangu kiangazi, hasomi tena. Anaandika kitabu cha maisha ya babu yake, Harold Wexcombe, fundi wa bustani wa zamani, ndiye aliyeichora hata hii ninayoifagia. Mama wa kanisani aliyekuwa akimsomea madaftari ya babu amehamia kwa mwanawe, mbali. Imebaki sehemu ya Afrika, na ina maneno ya Kiswahili ndani. Bibi ana miaka themanini na tisa. Anataka kitabu kiishe yeye akiwa hai. Kasema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Mimi mtu wa sepetu, si mtu wa daftari. Lakini nimekubali. Nikirudi mapema nyumbani Lewisham nitamkuta mke wangu Mwanahawa anapika chakula ambacho hatutakila.

Alhamisi, 23 Oktoba

Bustani asubuhi, daftari mchana. Mwandiko wa huyu bwana kama sisimizi waliolewa pombe.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Mzungu wa wakati ule, tena mtu wa matajiri. Nimeshindwa. Baba yake alikuwa mchoma matofali. Mwenyewe alianzia kuosha vyungu vya maua kwenye bustani ya bwana mkubwa, akapanda ngazi mpaka wauza chai na wenye viwanda vya sabuni wakawa wanagombania awachoree bustani zao. Na hakuwa mtu wa kukimbilia karatasi. Alibeba kigoda, akaketi kiwanjani siku nzima anaangalia maji yanakwenda wapi na mtembezi anachoka akifika wapi. Kesho yake ndiyo anachora. Huyo fundi. Hawa wa siku hizi wanachora kwenye kompyuta, halafu wanatuletea sisi mti wa kivuli tuupande juani.

Kisha ile vita kuu ya kwanza. Vibarua wake wengi walikwenda, wengi hawakurudi. Ameandika majina yao ukurasa mzima, na mbele ya kila jina ameandika mtu huyo aliweza nini. Huyu uzio. Huyu mawaridi. Huyu alijua kumtuliza farasi. Baada ya hapo hakuweza kuchora. Anasema akifungua karatasi anaona tu nani angechimba.

Tajiri mmoja wa mkonge akamwita Afrika. Akaenda, maana hapa hakuwa na cha kumshika.

Hapo nikafunga daftari. Bibi akasema tuache.

Ijumaa, 24 Oktoba

Shemeji Amina katuma sauti kutoka Tanga, dakika nne nzima. Mwanahawa kaiweka kwa sauti kubwa jikoni. Marehemu Saida alikuwa hivi, marehemu Saida alipenda vile. Nikatoka, nikasimama kwenye korido ya ghorofa na kandambili miguuni kama mtu aliyefukuzwa.

Neno hilo mimi sijalisema. Wiki mbili na ushei kila anayeingia kwangu analitupa mezani. Mtoto ana miaka ishirini na sita. Jina lake Saida. Halihitaji kitu mbele yake.

Ugonjwa wake wa sikoseli tuliujua tangu ana miezi tisa. Tumelala hospitalini naye mara ngapi sijui, na kila mara alirudi. Ndiyo iliyotuponza. Tulizoea kurudi kwake.

Miaka yote nilimgombeza. Namsemesha Kiswahili, anaelewa kila kitu, ananijibu Kiingereza. Nikamwambia we mtoto utakuja kukosa lugha ya kuzungumza na bibi zako. Nilimwambia hivyo mpaka wiki ya mwisho. Mjinga mimi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimefanya jambo la kipuuzi.

Daftari la Afrika limeanza. Wexcombe amefika vilimani nyuma ya Mombasa. Kwetu kabisa, ukitazama: Wadigo hao hao, mpaka tu ndio umetugawa. Tajiri wa mkonge anataka bustani ya Kiingereza kwenye mteremko. Wexcombe ana Kiswahili alichojifunza melini kutoka kwenye kijitabu. Anafika, anakuta kazi ilishaanzwa zamani ikasimama. Kuta za mawe za kuzuia udongo, mfereji, safu ya mivinje. Kazi safi, mteremko umesomwa vizuri kuliko ambavyo angeusoma yeye. Anauliza ni nani. Nayaandika kama nilivyoyaelewa:

“Nimewauliza nani kajenga ukuta wa juu. Marehemu. Na mfereji? Marehemu. Mivinje je? Marehemu pia. Huyu Marehemu ni fundi kunipita mimi, na bado sijamtia machoni.”

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikarudia. Ndivyo ilivyo, na herufi kubwa ya jina la mtu.

Bibi alikuwa anatabasamu na macho kayafumba. Jina hilo analijua tangu utoto. Babu alimhadithia Marehemu kama wengine wanavyohadithiwa sungura. Aliporudi Uingereza akaanza kuchora tena, na kwenye kila bustani, mpaka anakufa, aliacha pembe moja bila mchoro. Aliandika M tu. Hapo mchimbaji apande anavyoona yeye. Wataalamu wanabishana hiyo M ni nini. Familia inajua: ni Marehemu. Pembe ya hapa naijua, iko nyuma ya mti wa mforosadi. Siku ya kwanza Bibi aliniambia hapo fanya utakavyo, nikapanda maboga, sikuuliza.

Sasa akaniuliza. Marehemu, ni jina la kawaida huko kwenu?

Nikasema: Ndiyo, Bibi. Kila nyumba ina wake.

Akacheka kwa furaha. Nami nikageuza ukurasa.

Kwa nini? Najua kwa nini. Kumweleza ningelazimika kulichukua neno hilo na maana yake, nilitamke kwa mdomo huu, mbele ya mtu. Sikuweza. Basi nikamfanya mwanamke wa miaka themanini na tisa mjinga ili mimi nisisumbuke.

Alhamisi, 30 Oktoba

Yamekuwa makubwa.

Bibi ameagiza kibao cha shaba kwa ajili ya benchi la chini. Ameshaongea na fundi kwa simu. Kitasema: Kwa Marehemu, rafiki wa Harold Wexcombe. Jumamosi ya tarehe kumi na tano wapenda bustani wa mtaa wanakuja, atawasimulia sura ya Afrika, kibao kizinduliwe. Halafu kitabu kwenda kwa mchapishaji. Na kama hiyo haitoshi, ameniomba niulize kwetu kama wajukuu wa Marehemu wanaweza kupatikana. Pengine redioni.

Wajukuu wa Marehemu! Lahaula.

Nikasema nitauliza. Huo uongo wa pili.

Tulisoma habari za blanketi. Baridi ya vilimani ilikuwa kali, Wexcombe akatoa blanketi lake jipya, akawapa vibarua wampelekee Marehemu. Walilipokea kwa mikono miwili, wakainamisha vichwa. Kesho yake akaja mwanamke kushukuru, mke wa Marehemu. Mwezi uliofuata akatoa jingine. Akaja mwanamke mwingine. Wexcombe ameandika: “Leo mke wa Marehemu tena, na si yule. Wa tatu huyu. Jamaa ana shughuli nyingi kuliko nilivyodhani.”

Bibi alicheka mpaka akatoa leso. Na mimi nilicheka. Wallahi nilicheka, halafu ndani ya basi nikaelewa nilichokuwa nacheka.

Hakuna Marehemu mmoja. Aliyejenga ukuta ni mmoja, aliyechimba mfereji ni mwingine. Walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, kama walivyochukuliwa wa kwetu, au homa iliwamaliza. Na kila mmoja ana mjane aliyekuja kumshukuru mzungu kwa kumkumbuka mumewe.

Jumapili, 2 Novemba

Mwanahawa kataja hitma. Arobaini inaangukia Jumapili ya tarehe kumi na sita. Keshaongea na maalim, keshahesabu juzuu. Anauliza mimi nitaleta nyama kutoka kwa yule mchinjaji au amwambie jirani.

Nikasema sitaki hitma.

Akaweka mwiko chini. Akasema, Baba Saida, unataka mtoto asisomewe kwa sababu ya kichwa chako?

Ningejibu nini? Kwamba nikikaa pale na juzuu mkononi, na watu wakaitikia amina, mlango utakuwa umefungwa? Atasema mlango ulifungwa siku ile. Najua. Nilimshusha mwenyewe kaburini.

Amesema hitma itasomwa, niwepo nisiwepo. Kisha akaenda kulala chumbani kwa Saida na blanketi la Saida. Tumekuwa wapangaji wawili humu ndani.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepanda vitunguu vya maua ya tulipu, mia moja na kitu. Magoti kwisha habari.

Nimesoma ukurasa ambao siwezi kuutoa kichwani.

Wexcombe anataka kuonana na Marehemu. Ana swali la fundi kwa fundi: kwa nini ukuta wa juu umepindishwa pale katikati. Kila akiuliza yuko wapi, wanamjibu neno moja, naye ameliandika kwa herufi zake za ajabu, na chini yake tafsiri kutoka kile kijitabu. Ametangulia. Yaani ameenda mbele.

Basi akaenda mbele! Alipanda ile njia mpaka juu, jua kali, hakukuta mtu. Akarudi. Kesho yake akaamka alfajiri ili amwahi. Ametangulia, wakamwambia. Siku nyingine akapanda farasi. “Sijawahi kuona mtu anayeanza kazi mapema hivi. Wanasema ametangulia, na wanaitazama njia, na sauti zao zinashuka kwa heshima. Hata nikiamka saa ngapi simpati.”

Miaka mitatu. Miaka mitatu anawafukuzia wafu kilimani na saa mkononi.

Bibi akauliza, ametangulia maana yake nini hasa? Nikasema ni kama babu alivyoandika, ameenda mbele. Si uongo. Lakini ni wa tatu.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo mbuzi.

Wexcombe anakaribia kuondoka. Hajamwona Marehemu. Anaamua kumwachia zawadi ya heshima, ananunua mbuzi dume mkubwa, mweupe, anawakabidhi vibarua: huyu ni wa Marehemu. Wakatazamana. Mzee mmoja akatokwa na machozi. Jioni wakamwita aje. Mbuzi amechinjwa, watu wamekaa mikekani, wanawake upande wao, na ubani unafuka. Mtu anasoma, wengine wanaitikia. Akaketishwa mbele. Hakuelewa hata neno. Ameandika: “Wamemwombea kwa zaidi ya saa nzima. Mtu anayependwa hivi nasikitika kuondoka bila kumshika mkono. Nilipoaga, wote wakanishika mkono mimi, mmoja mmoja, kwa mikono yao miwili.”

Walidhani anajua. Walimwona mzungu anayewatolea wafu wao sadaka, anawapa wajane blanketi, na amechinja mbuzi wa hitma. Naye aliona mwaliko wa chakula.

Alifanya yote yanayotakiwa kufanywa, yule bwana, na hakujua hata kimoja. Mimi ninayejua kila kimoja nimemwambia mke wangu sitaki.

Nilimwambia Bibi macho yananiuma. Nikaondoka kabla ya saa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeshinda sokoni bila kununua kitu. Zimebaki siku saba kibao kizinduliwe. Watakuja watu na suti zao, atasimama pale kwa fimbo yake awaambie habari za Bwana Marehemu. Siku moja kitabu kitaangukia mikononi mwa Mswahili yeyote, hata mtoto wa shule, acheke mpaka ajishike mbavu. Na babu wa Bibi atakuwa kichekesho milele. Kwa ajili ya ulimi wangu.

Lakini nikisema, nitamwondolea rafiki wa utoto wake. Macho hana, ndugu hana. Namwondolea na hilo?

Mwanahawa amenipita mlangoni na mifuko ya mchele. Sikumpokea. Nilikumbuka ameshafika jikoni.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimesema.

Sikuvua hata koti. Nikamwambia Bibi, Marehemu si jina. Ni neno la kumtaja aliyekufa. Walikuwa wanakuambia, yaani wanamwambia babu yako, waliojenga wamekufa. Na ametangulia ni hivyo hivyo, ni adabu ya kusema amekufa.

Akanigeuzia uso.

Akauliza, na wake wale? Nikasema wajane. Na mbuzi? Nikasema kisomo cha wafu.

Akauliza tangu lini nimejua. Nikasema tangu siku ya kwanza. Hapo uso wake ukabadilika. Akasema: nilikuuliza. Nilikuuliza waziwazi, ukanitania. Kila nyumba ina wake. Umeniacha nimfanye babu yangu mpumbavu mbele ya watu, na wewe umekaa hapo unakunywa chai yangu.

Alikuwa na haki. Akaniambia niache ufunguo wa banda mezani na niende.

Nimeuacha. Miaka kumi na moja. Mawaridi hayajafungwa kwa ajili ya upepo wa baridi, na simwoni wa kuyafunga.

Jumanne, 11 Novemba

Sina kazi. Nimetembea.

Watu wamevaa maua mekundu ya karatasi vifuani, ni siku yao ya kukumbuka waliokufa vitani. Nilipita kanisa lililo chini ya kilima cha Bibi. Kuna jiwe pale, nimelipita mara elfu. Leo nilisimama kulisoma. Nikawakuta: yule wa uzio, yule wa mawaridi, yule wa farasi. Majina yote yamechongwa, na watu wameweka mashada chini.

Wa vilimani hawana jiwe. Wana neno tu, na neno lenyewe mzungu alidhani ni jina.

Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimkumbuka Saida vibaya sana, hadharani, na leso sikuwa nayo.

Alhamisi, 13 Novemba

Bibi amepiga simu saa mbili asubuhi. Kasema njoo na miwani yako.

Alinipokea mlangoni mwenyewe. Hakuomba msamaha na mimi sikuutaka, mwenye kosa mimi. Tukaketi. Akasema amefikiri siku tatu. Akasema: hukulisema neno lile kwa sababu ya binti yako.

Nikatikisa kichwa kukubali, halafu nikakumbuka haoni. Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka kama ya chura.

Akanitafuta mkono kwenye meza mpaka akaupata.

Kisha akauliza, walikuwa wangapi? Tukarudi kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa, tangu mwanzo. Huyu mjane nyumba yake iko mtoni. Huyu iko barabarani, ana kovu la shavu. Huyu alikuja na mama mkwe. Wexcombe hakuacha kitu, jicho la kuona alikuwa nalo, sikio tu ndilo hakuwa nalo. Tulitoa waliojirudia. Tulibishana juu ya mmoja mwenye mapacha, Bibi akashinda. Wako tisa.

Wanaume tisa. Majina hatuna hata moja. Ilitupata saa kumi na moja jioni, giza limeingia, hakuna aliyewasha taa, maana Bibi haihitaji na mimi sikujali.

Nikamwambia kitu kimoja ambacho kilikuwa kinanisumbua. Babu yako hakuwa mpumbavu, Bibi. Wale watu walimpenda kwa sababu aliwaheshimu wafu wao. Waliondoka wanasema yule bwana ni mtu kweli. Akalia kidogo, kwa adabu, kama anavyofanya mambo yake yote.

Kibao kilishafika. Anauliza kibadilishwe nini. Nikamwambia neno ni sahihi sasa kuliko mwanzo. Ila rafiki iwe marafiki. Kwa Kiingereza ni herufi moja tu.

Nilirudi nyumbani. Mwanahawa alikuwa anachambua mchele. Niliketi mbele yake nikachambua na mimi. Tulifika nusu ya gunia. Kisha nikamwambia kesho nitaenda kwa mchinjaji. Akasema beba mfuko wa magurudumu, mgongo wako huo.

Jumamosi, 15 Novemba

Wapenda bustani kama ishirini, na miavuli. Bibi alisimama kwa fimbo, bila karatasi. Aliwaambia maisha ya babu yake: matofali, vyungu, kigoda, ukurasa wa majina. Kisha akawaambia kweli yote ya kilimani. Bwana mmoja alianza kucheka aliposikia habari za wake wengi, akakatiza mwenyewe njiani. Alipofika kwenye neno ametangulia hakuna aliyesogea. Mwisho akasema, mimi niliyeshindwa kusoma nimesomewa na Bwana Hamisi, na yeye ilimgharimu. Wakanigeukia wote. Nikatazama buti zangu.

Fundi wa kibao ameibana ile herufi pembeni, imekaa kama abiria wa mwisho. Inasomeka.

Amenirudishia ufunguo. Nimefunga mawaridi kabla sijaondoka.

Jumapili, 16 Novemba

Baridi, lakini hakuna mvua.

Walikuja watu ishirini na ushei. Wanaume sebuleni, wanawake chumbani kwa Saida, mlango wazi. Viatu vilijaa korido mpaka jirani wa chini akatoka kuuliza, Mwanahawa akampa sahani ya sambusa. Juzuu zikagawiwa. Yangu ilikuwa ya ishirini na saba. Nilisoma polepole, mistari ikinikimbia.

Kabla ya dua maalim akauliza majina ya wa kuombewa. Kila mtu akataja wazee wake. Ikafika kwangu.

Nikasema ninao tisa, watu wa vilimani nyuma ya Mombasa. Majina yao sina.

Maalim akauliza, basi tuwataje vipi?

Nikasema wataje marehemu. Watu wa kwao waliwataja hivyo.

Akaitikia. Akangoja. Chumba kizima kikangoja, na kule kwa wanawake kukanyamaza pia.

Na marehemu Saida, nikasema. Marehemu Saida binti Hamisi.

Nikamsikia Mwanahawa akisema amina, peke yake, kabla dua haijaanza.

Dua ikasomwa. Watu wakala, wakaondoka kabla ya magharibi. Nimeosha masufuria, yeye amekausha. Sasa amelala chumbani kwetu.